Hana Malaria, Sasa Ana Nini? Namna ya Kusoma Homa za Virusi kwa Mfuatano wa Dalili

Kipimo kimetoa mstari mmoja. Mgonjwa anakuangalia wewe, wewe unaiangalia ile kaseti ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) kana kwamba mstari wa pili utajitokeza ukiusubiri kidogo, na nje benchi limejaa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoandika UTI bila kupima mkojo, au taifodi kwa kipimo cha Widal ambacho kwa mtu wa huku kwetu kinaweza kusoma chochote kwa sababu ya maambukizi ya zamani, au tunatoa dawa ya mseto ya malaria hivyo hivyo tusije tukajilaumu.

Kubahatisha kwetu kumeshapimwa. Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Malaria iliandikwa kwenye mafaili 528. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Utafiti mwingine uliochapishwa 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa na kurudi nyumbani, Dar es Salaam na Ifakara. Karibu saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa takriban mmoja kati ya kumi.

Nayaandika haya kwa tabibu au muuguzi wa zahanati mwenye kipimajoto, mashine ya presha, saa ya mkononi na macho yake mawili. Anayeuguza mtoto nyumbani naye atapata cha kwake, hasa panapotajwa hatari. Dalili peke yake hazikupi jina la kirusi kwa hakika. Zinakupa washukiwa wawili watatu, zinakuonyesha yupi kati yao anaweza kuua usiku huu, na zinakuambia kipimo gani kina maana leo na kipi ni kupoteza pesa ya mgonjwa.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamuuliza

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamshiki vizuri, huyo hana muda wa uchambuzi. Anza huduma ya kwanza, mpe rufaa. Vivyo hivyo shingo iliyokakamaa, mtu mzima anayechanganyikiwa, mikono na miguu baridi ilhali kifua kinachemka.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, nguo imepandishwa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Usikadirie kwa robo dakika ukazidisha kwa nne. Watoto hupumua kwa mafungu, na robo dakika itakudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta siku ya kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko stetoskopu. Siku ya kwanza ni siku homa ilipoanza, si siku mgonjwa alipofika kwako. Kila utakachokiona baadaye kitakuwa na maana kulingana na siku hiyo.

Tatizo ni kwamba ukiuliza "imeanza lini?" utajibiwa "juzi", na juzi ya Kiswahili ni ndefu. Funga siku kwenye tukio. Ijumaa aliswali msikitini? Jumatatu alikwenda shule? "Alikwenda, ila mwalimu alimrudisha saa nne." Basi Jumatatu ndiyo siku ya 1. Iandike juu ya kadi na uizungushie duara, ili atakayempokea kesho asianze kuhesabu upya.

Halafu kuna neno lenyewe, homa. Mtu akisema ana homa anaweza kuwa na maana ya joto, mafua, au kwamba hajisikii vizuri tu. Uliza mwili ulichemka, ulitetemeka, uliloa jasho usiku? Vilevile "viungo vyote vinauma". Hapo hujaambiwa kitu bado, maana viungo kwa wengi ni mwili mzima. Mwambie: "Nionyeshe kwa kidole kimoja." Akipapasa mapaja na mgongo, ni misuli. Akigusa vifundo vya miguu, viwiko na maungio ya vidole kimoja kimoja, ni maungio, na tumeshasogea nusu ya safari.

Hatua ya 3: Maswali matano ambayo hayahusu mwili

Nani mwingine nyumbani au kazini anaumwa? Ulisafiri wapi wiki 3 zilizopita? Ulimuuguza, ulimwosha au ulimzika mtu? Ulichinja mnyama, ulisaidia mfugo kuzaa, au mifugo imekuwa ikitupa mimba? Mtoto ana chanjo zake? Usiishie kwenye "anazo zote". Omba kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika.

Wiki 3 hazikutajwa bure. Kipindi tangu kuambukizwa hadi kuugua ni kama uzio, kinawatoa baadhi ya washukiwa nje. Mafua makali ya influenza huchukua siku 1 hadi 4. Dengi, siku 4 hadi 10. Surua, siku 10 hivi mpaka homa na kama 14 mpaka upele. Tetekuwanga, siku 10 hadi 21. Ebola na Marburg, zile homa za kutoka damu, siku 2 hadi 21. Aliyetoka safari siku 40 zilizopita na homa yake imeanza jana hakuleta Marburg kutoka huko.

Hatua ya 4: Mweke kwenye kundi

Sasa jiulize ni jambo gani, mbali na homa, linalotawala picha.

*Maumivu yanatawala.* Pwani na mijini kuna mbu wa mchana, Aedes, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayezaliana kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua. Ana mizigo miwili, na yote miwili ina historia na lugha zetu. Chikungunya ni neno la Kimakonde la kujikunja. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huko uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ambako watu walitembea wamejipinda kwa maumivu. Dengi nayo wazee wa Unguja waliiita kidingapopo tangu karne ya 19, ingawa huenda baadhi ya milipuko ile ilikuwa chikungunya. Ukiona mabingwa wa enzi hizo waliichanganya, usijione mjinga ukiichanganya wewe saa nane mchana na wagonjwa arobaini mbele yako.

Kutofautisha: chikungunya huja ghafla, homa juu, na maungio yenyewe, mara nyingi ya pande zote mbili, huuma na wakati mwingine kuvimba, asubuhi mgonjwa hawezi kushika kikombe. Homa inakwisha lakini maungio yanaweza kuendelea wiki au miezi. Dengi huuma zaidi kichwa, nyuma ya macho (mwambie azungushe macho bila kugeuza kichwa), misuli na mgongo, pamoja na kichefuchefu. Ufizi unaotoka damu mtu akipiga mswaki unaelekeza kwenye dengi zaidi. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili, kwani mbu ni yule yule. Ukishindwa kutofautisha, mshike kama wa dengi, maana dengi ndiyo inayoua haraka.

Kuna jambo la mkanda wa presha. Chukua presha, jaza mkanda hadi katikati ya namba ya juu na ya chini, uache dakika 5, ufungue, kisha utafute vidoa vidogo vya damu chini ya kiwiko. Ukipata 10 au zaidi ndani ya mraba wa sentimita 2.5, dengi inapata uzito. Usipopata, hujaifuta, mapema kinaweza kusoma hakuna, na kwa ambaye mzunguko wake wa damu umeshadhoofika vilevile.

Sasa siku. Dengi ina tabia ya hila: hatari yake huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Mwaka 2019, dengi ilipolishika jiji la Dar es Salaam, nilikuwa zahanati moja ya pembezoni. Mama mmoja alimrudisha kijana wake, dereva wa bodaboda, siku ya 5.

"Dokta, leo afadhali. Homa imekata tangu alfajiri."

"Anakula?"

"Kila anachotia mdomoni anakitapika. Na tumbo linamkata, hapa juu."

Nililisikia neno la kwanza tu. Nikaandika "anaendelea vizuri" na kumpa dawa ya kuzuia kutapika. Magharibi waliletwa na bajaji, viganja vya kijana baridi kama samaki wa ferini, presha 90 kwa 75. Utaona namba ya juu haitishi sana. Kinachotisha ni kwamba zimekaribiana. Tofauti ikiwa 20 au chini, maji ya damu yanavuja nje ya mishipa na mwili unakazana kuficha. Alipona, lakini kwa siku nne za dripu hospitali ya wilaya, na mpaka leo mama yule hajui kwamba asubuhi ile alinipa utambuzi mzima na mimi sikuupokea.

Kwa hiyo, kwa kila mwenye dalili za dengi ambaye homa imeshuka, tafuta haya: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye ufizi, kukosa utulivu au usingizi usio wa kawaida, ini lililovimba, mkojo kupungua. Moja tu linatosha kumpeleka mbele. Na maumivu, kwa yeyote unayemshuku, yatulizwe kwa parasetamo peke yake. Hiyo sindano ya diklofenaki tunayoipenda sana, pamoja na aspirini na ibuprofeni, inaweza kumwongezea kutoka damu.

*Upele unatawala.* Uliza swali moja kwanza: upele umetoka siku ya ngapi ya homa?

Siku ya 1, au upele na homa vimekuja pamoja: fikiria tetekuwanga. Siku ya 4: surua. Homa imekwisha ndipo upele ukatoka: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 aliyekuwa na joto kali siku 3 hadi 5 huku akicheza, hiyo ni rozeola, na kwa kawaida haina madhara. Hapa kuna mtego unaoacha alama ya maisha. Mtoto wa rozeola amepewa amoksilini siku ya 2, upele ukatoka siku ya 5, kadi ikaandikwa "ana aleji ya penisilini", na miaka ishirini baadaye ananyimwa dawa nzuri kwa kosa la kirusi. Kabla hujaandika aleji, hesabu siku.

Picha za vitabuni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. "Wekundu" wanaouzungumzia, kwa wengi wa wagonjwa wetu hutauona. Mpeleke mgonjwa mlangoni kwenye mwanga wa jua, achana na taa ya chumbani. Angalia viganja, nyayo, ndani ya mikono, ndani ya midomo. Pitisha mgongo wa kidole shavuni na kifuani: upele wa surua unausikia umekwaruza kama msasa hata pale macho yasipouona, na ukipona ngozi huwa nyeusi zaidi na kubanduka kama unga. Bibi aliyelea watoto sita anaijua kwa kugusa. Akisema ni surua, usimcheke.

Surua haianzi na upele. Inaanza na siku tatu za mtoto anayeonekana analia bila kulia: macho mekundu yenye machozi, kamasi, kikohozi kikavu, na homa inayopanda. Mfungue mdomo, ndani ya mashavu, karibu na magego, kunaweza kuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Hivyo ni vya surua tu, ila hudumu muda mfupi. Kisha upele huanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, ukashuka shingoni, kifuani, mpaka miguuni. Upele ulioanzia miguuni si surua. Mtoto huyu anaambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake, kwa hiyo benchi lote lile nje limeshapata hewa yake. Mtoe haraka ukumbini. Mpe vitamini A leo na kesho (IU 200,000 kwa mwaka 1 na kuendelea, 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, 50,000 kwa mdogo zaidi), chukua damu, toa taarifa wilayani.

Rubela inafanana na surua iliyopoa: homa ndogo, upele wa siku tatu, tezi nyuma ya masikio na kisogoni. Mtoto atapona mwenyewe. Uliza tu kama nyumbani kuna mjamzito, hasa wa miezi mitatu ya kwanza.

Kwenye malengelenge mambo yamebadilika. Zamani malengelenge yalikuwa tetekuwanga na basi. Tangu 2023 aina mpya ya mpox (ndui ya nyani) iliyoanzia Kamituga, Kivu Kusini, ilivuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, na Tanzania ilithibitisha wagonjwa Machi 2025. Vaa glavu, kisha chagua eneo moja la mwili, mathalani mkono, na uangalie umri wa vipele vyake. Tetekuwanga hutoka kwa mikupuo: hapo hapo utakuta kipele kipya, lengelenge lenye maji na gaga lililokauka, vyote jirani, vikiwa vingi zaidi kifuani na mgongoni. Mpox kwa kawaida hutoka vya rika moja kwenye eneo moja, vigumu ukivibonyeza, vyenye kishimo katikati, vikipenda uso, viganja na nyayo, au sehemu za siri na njia ya haja kubwa kama ndiko maambukizi yalikoingilia. Na mitoki: shingoni, makwapani au kinenani, imevimba na kuuma. Mtu mzima mwenye malengelenge na mitoki ni wa mpox mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Malengelenge ya upande mmoja wa mwili, yaliyojipanga kama mshipi na kuunguza kabla hata hayajatoka, ni mkanda wa jeshi. Kwa kijana, mshauri apime VVU.

Na kwa kuwa tumeitaja: homa, koo, upele hafifu, vidonda mdomoni na tezi kwa mtu mzima, wiki 2 hadi 4 baada ya ngono isiyo salama, inaweza kuwa VVU vinaingia. Kipimo cha haraka cha kingamwili siku hiyo kinaweza kusoma hana. Mwambie waziwazi arudi kupima tena, na mpe tarehe.

*Pua na kifua vinatawala.* Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote, na ndilo linalomeza antibayotiki nyingi kuliko yote. Mafua ya kawaida huanzia puani na kooni, homa ni ndogo. Influenza humwangusha mtu kwa saa chache: asubuhi alikuwa shambani, jioni hawezi kuinuka, mwili wote unauma na kikohozi ni kikavu. Uviko unaweza kufanana na lolote kati ya hayo, kwa hiyo pima kama kipimo kipo. Kamasi la kijani halimaanishi bakteria. Hubadilika rangi lenyewe siku ya 3 au ya 4. Kwa mtoto chini ya miaka 2, kamasi siku mbili tatu kisha pumzi za haraka na mluzi kifuani ni virusi vya njia ndogo za hewa. Ukimpata anavuta mbavu ndani, ni oksijeni anayohitaji.

*Macho ya njano yanatawala.* Kiswahili chetu kinatuponza hapa, maana watu huita "homa ya manjano" hata manjano yanayotokana na ini. Uliza mfuatano. Kwenye homa ya ini aina ya A, homa, kichefuchefu na kuchukia chakula hutangulia, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, kisha macho yanapogeuka njano homa huondoka. Macho yakiwa ya njano na homa bado inawaka, rudi nyuma: rudia kipimo cha malaria, fikiria homa ya mgunda inayotokana na mkojo wa panya, fikiria maambukizi ya nyongo. Mjamzito wa miezi ya mwisho mwenye macho ya njano apelekwe mbele siku hiyo hiyo. Aina ya E huwaua wajawazito.

*Damu, au historia inayotisha.* Kagera ilipata Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025 huko Biharamulo. Rwanda Septemba 2024. Siku tatu za mwanzo haina sura yake, ni homa, kichwa na mwili kuuma kama malaria yoyote. Kisha kuhara, kutapika, tumbo, na kwa baadhi damu, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 7. Ukingoja damu umechelewa. Kinachomtambulisha mapema ni yale maswali ya hatua ya 3, na mengine ya kuongeza hapa: kumuuguza mtu aliyekufa kwa homa, kuosha maiti, kazi ya hospitali, kuingia pangoni au mgodini penye popo. Jibu likiwa ndiyo, acha kumgusa, sogea, mpe chumba cha peke yake, piga simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya au 199. mRDT yenye mistari miwili isikutoe wasiwasi. Mtu anaweza kuwa na malaria na Marburg pamoja.

Kwa wafugaji, baada ya mvua kubwa, jibu la mifugo kutupa mimba pamoja na mtu mwenye homa anayeona ukungu au anayetoka damu ni homa ya Bonde la Ufa.

Hatua ya 5: Tafuta kisichokaa sawa

Umeshapata jina kichwani. Sasa lishambulie. Virusi hutapakaa mwilini. Bakteria hupenda mahali pamoja. Sikio moja, upande mmoja wa kifua, jino moja, kiuno upande mmoja wenye maumivu ukigonga, hapo shuku bakteria. Homa iliyopita siku 7 si kawaida ya virusi tulivyovitaja. Fikiria taifodi ya kweli, kifua kikuu, brusela, VVU. Na homa iliyokata, mtu akapata nafuu siku mbili, kisha ikarudi na kikohozi chenye makohozi: nimonia imeingia juu ya influenza au surua, na huyo antibayotiki ni haki yake. Mtoto aliyelegea mguu au mkono ghafla, hata kama homa imepita, ripoti kama polio bila kusubiri.

Hatua ya 6: Kipimo kiendane na siku

Kipimo cha dengi cha NS1 hukamata protini ya kirusi chenyewe, kwa hiyo kina maana siku ya 1 hadi ya 5 hivi. Kingamwili za IgM huanza kuonekana kuanzia siku ya 5. Mgonjwa wa siku ya 2 akipimwa IgM na kusoma hana, umemchoma sindano bure na kumpa faraja ya uongo. Picha ya damu irudiwe kila siku kwa mshukiwa wa dengi: chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikishuka chini ya 100,000 huku hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikipanda, damu inakuwa nzito kwa kuvuja maji. Namba ya chembe sahani peke yake isikuchanganye. Wagonjwa huniuliza kuhusu maji ya majani ya mpapai. Huwa nawajibu kwamba nataka wanywe maji ya kawaida, ORS na madafu kwanza, mpaka wakojoe kila baada ya saa nne hadi sita.

Hatua ya 7: Andika atakaporudi

Usimwambie "ukizidiwa rudi". Kila mtu ana kipimo chake cha kuzidiwa, na akina baba wengi wa kwetu kipimo chao ni kuanguka. Mwandikie kwenye kadi, kwa herufi kubwa, na umsomee anayemuuguza, si mgonjwa peke yake: siku ya 1 ilikuwa Jumatatu, njoo Alhamisi na Ijumaa hata kama homa imeshuka, njoo usiku huo huo akitapika mara tatu, tumbo likikaza, damu ikitoka popote, akishindwa kuamka vizuri, au akimaliza saa sita bila kukojoa. Kisha mwombe akurudishie maneno hayo kwa kinywa chake. Akisema "nikiona homa haishuki nitarudi", keti, umweleze upya.